Wapangaji Wote Wapimwe Macho

Jumatatu, 3 Machi

Kwako Bi Unga,

Leo nimeitwa benki. Afisa wa mikopo ni yule mama mwenye fremu ya kahawia. Lenzi zake nilizikata mimi, kwa mikono hii, na leo amenitolea macho kupitia hizo hizo. Marejesho ya miezi miwili hayajaingia. Nikamweleza kwamba nyumba tuliichukua tukiwa na mishahara miwili, wako wa kiwanda cha mikate na wangu wa fundi miwani. Tangu tukuzike umebaki mmoja, na mtoto wa miaka minne. Akasema anajua, na pole sana. Lakini mwezi huu nao ukipita mtupu, nyumba inakwenda mnadani.

Kisha akanishauri nipangishe kile chumba cha nyuma.

Amejuaje kwamba kuna chumba cha nyuma? Anasema kipo kwenye ramani tuliyoileta wenyewe. Watu wa benki hawakosi jibu.

Mtoto wetu, Mkaguzi, nilikuwa naye. Bado namwita hivyo, jina ulilompa lilimkaa. Leo amemkagua mlinzi wa mlangoni, akamwambia ana nywele puani.

Jumatano, 5 Machi

Nimebandika tangazo kwenye dirisha la duka. Jina langu sikuliweka, kwa usalama. Nimeandika tu, anayetaka chumba amuulize fundi wa ndani. Bosi ameuliza fundi wa ndani ni nani, maana hapa dukani fundi niko mmoja tu.

Lakini mpango wenyewe ndio huu. Kile kibao cha herufi cha kupimia macho, cha zamani, chenye kona iliyokatika, nimekileta nyumbani. Nimekitundika kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Kila mpangaji atakisoma kabla hatujazungumza bei. Miaka kumi na mbili nimewatazama watu mbele ya kibao kile. Mwongo hawezi kusema haoni. Atakisia. Na anayekisia herufi atakisia na kodi!

Chumba nimekifagia. Koti lako la kazi liko pale pale kwenye msumari. Halimzuii mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Wa kwanza, mwalimu wa hesabu. Kijana safi, viatu vinang'aa. Mkaguzi alimfungulia mlango, akamuuliza kama yeye ndiye mwizi. Mwalimu akauliza, mwizi gani tena? Mtoto akamjibu kwamba baba amesema anayekuja leo huenda akawa mwizi. Tukacheka wote. Mimi nilicheka kwa sauti zaidi.

Akapima chumba kwa nyayo, kisigino kwa vidole, pande zote nne. Eti anataka kujua kama kitanda chake kitaingia. Kitanda! Watu wa mnada nao hupima. Nikamsimamisha mbele ya kibao. Akateremka mpaka mstari wa mwisho bila kusita. Mstari ule hata mimi siuoni. Maana yake ameukariri. Nani anakariri kibao cha macho kama hana lake jambo?

Halafu akatungika mkoba wake kwenye msumari, juu ya koti. Nikamwambia chumba kimeshachukuliwa.

Mkaguzi akauliza, na nani?

Jumapili, 9 Machi

Kamera ameniingilia biashara! Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mstaafu wa posta, ambaye dirisha lake sijaliona limefungwa tangu tuhamie. Naye ametundika tangazo la chumba. Herufi kubwa, rangi nyekundu. Mwalimu wa hesabu ameshahamia kwake. Nimekiona kitanda kikiingizwa. Ni kirefu kweli, lakini hilo halithibitishi kitu.

Mchana amekuja muuguzi. Mpole mno. Aliingia, akasifu mapazia. Bi Unga, mapazia yale! Wewe mwenyewe ulikuwa unawaomba wageni radhi hata kabla hawajakaa. Kwenye kibao alisoma mistari mitatu, akasema huko chini haoni kitu, miwani ameisahau kazini. Ukweli wa haraka namna hiyo unatisha. Akauliza, kwa ile sauti yake ya wodini, kama lile koti litaondolewa.

Nikamwambia nitampigia simu. Namba yake sikuichukua.

Alhamisi, 13 Machi

Wamekuja wawili. Fundi bomba aliitazama dari muda mrefu. Wa pili hakuitazama kabisa. Nimewakataa wote.

Jioni nimekutana na Kamera kwenye mapipa ya taka. Akaniuliza, "Vipi, mwenye nyumba? Wanakukimbia au unawafukuza?" Nikamwambia nachagua. Akasema, "Chagua, bwana, chagua. Mnada nao utachagua."

Amejuaje habari za mnada! Nimemhoji Mkaguzi. Amekiri bila kulazimishwa. Kamera humpa biskuti.

Jumapili, 16 Machi

Mama yako amefika. Nimefungua mlango, nikamkuta amesimama na begi, blanketi na sufuria. Eti alikuwa anapita tu. Mtu anapita tu na sufuria? Kamera alikuwa dirishani anampungia mkono, na Mama hakumjibu, alipita kama hamwoni. Watu wasiojuana husalimiana. Wanaojificha ndio hujifanya hawaonani.

Nikamkaribisha chai. Akauliza ya chumba yamefikia wapi. Kabla sijameza, Mkaguzi akamwambia, "Bibi, baba amewafukuza wote. Hataki waguse koti la mama."

Nikasema mtoto hajaelewa, tatizo lilikuwa nyayo, na mapazia, na mambo ya dari.

Mama aliinuka. Aliingia kule nyuma akakaa kwenye kile kitanda cha zamani. Nilimsikia akipenga kamasi. Kisha akaniita. "Baba, chumba hiki nakichukua mimi. Kodi ile ile uliyobandika. Mtoto nitabaki naye mchana, pesa ya mlezi ibaki mfukoni mwako. Na koti likae hapo hapo lilipo."

Kumbe nyumba yake ameshampangisha mtoto wa dada yake. Hakuuliza hata punguzo. Sasa, mpangaji gani haombi punguzo?

Nikamwomba asome kibao, kama wengine. Akasema yeye hakuja kusoma, amekuja kukaa. Akanilipa papo hapo. Nikazishika noti kwenye mwanga, moja moja, na ile lenzi yangu ya kazini jichoni.

"Geuza na upande wa pili, baba," akasema.

Nikageuza. Zilikuwa halali zote. Sijalala vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Ushahidi unaongezeka. Nimemkuta ameinamia droo ya hati za nyumba, pua inakaribia kugusa karatasi. Anasema anatafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mezani, mbele yake! Akipita koridoni anapapasa ukuta, bila shaka anatafuta nyufa za kumwambia mthamini wa benki. Jana alimshika Mkaguzi mashavu yote mawili, akamvuta karibu kabisa, akamkodolea. Mtu anamtazama mjukuu wake hivyo kwa nini, kama si kupanga kumchukua?

Na leo chai ilikuwa na chumvi. Nimeinywa yote, asije akajua kwamba najua.

Alhamisi, 20 Machi

Mtego! Unga wa ngano. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba unga haufichi kitu. Kila alfajiri ukirudi kutoka zamu ya usiku, nilikuwa najua umepita wapi: kitasa cha mlango, kiti cha jikoni, shavu la mtoto aliyelala. Na daima alama kwenye kiwiko, ambayo hukuwahi kuiona.

Asubuhi kabla ya kwenda kazini nimenyunyiza kuanzia kwenye droo mpaka mlango wa jikoni. Sakafu yetu ni nyekundu, unga mweupe. Mtu mwenye dhamira safi atauona, ataukwepa, au ataufagia.

Nimerudi jioni. Nyayo kila mahali! Amepita katikati, akarudi katikati, ameufikisha mpaka kitandani kwake na kwenye pindo la gauni. Na yupo jikoni anaimba. Nimeona majasusi kwenye sinema, lakini jasiri kiasi hiki sijawahi kumwona. Za Mkaguzi nazo zipo, ndogo ndogo, zimezunguka meza mara nyingi. Anasema amefurahi, nyumba inanuka mama.

Nimefagia mwenyewe. Unyayo mmoja mdogo nimeuacha chini ya meza.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimeamua liwalo na liwe. Nimeingia chumba cha nyuma bila kubisha. Mama amesimama dirishani na picha yetu ya siku tulipokabidhiwa funguo. Ameibandika usoni, kioo kimefanya ukungu. Nikamwambia, Mama, leo tuambiane ukweli. Unatafuta nini katika nyumba hii?

Hakukasirika. Akasema, "Uso wake, baba. Zamani nilikuwa nauona humu kwenye picha. Siku hizi naona nguo tu."

Nikaipokea picha, nikaiweka kitandani. Kisha nikamshika mkono, nikamsimamisha mbele ya kibao. Nikamwonyesha herufi ya juu, ile kubwa kama sufuria yake. Hakukisia. Akasema, "Sioni, mwanangu. Niliona haya kukwambia, na kazi yako ndiyo hii."

Fundi miwani mimi! Nimewakatia lenzi nusu ya mji huu. Mama yangu anatia chumvi kwenye chai, anakanyaga unga kama kipofu, na mimi naandika ushahidi.

Nimempeleka kwa daktari wa macho mchana huo huo. Ugonjwa hana. Anataka lenzi nene tu. Nimekaa dukani mpaka bosi akazima taa za mbele, nimezisaga mwenyewe, taratibu, kama ulivyokuwa unakoroga unga wa keki za watoto.

Jumatatu, 31 Machi

Nimetoka benki. Mshahara, kodi ya Mama na ile pesa ya mlezi, vyote kwa pamoja vimetosha rejesho moja na kipande cha jingine. Afisa amesema mnada umesimamishwa, niendelee hivi hivi. Akatabasamu. Kwa nini atabasamu? Nitalifuatilia.

Mama anavaa miwani tangu jana asubuhi, maana fremu ilichelewa kufika. Alipoivaa aliomba picha kwanza. Akaitazama mpaka Mkaguzi akachoka kusubiri zamu yake. Kisha akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Hata siku ya funguo, mtoto huyu! Ona kiwiko." Nikaangalia. Una unga kwenye kiwiko, Bi Unga. Picha ile nimeifuta vumbi kila Jumapili na sijawahi kuona.

Halafu akageuka, akaona mapazia. Akauliza kama hayo ndiyo yale mapazia. Nikakubali. Akasema Mungu atusamehe. Nikaanza kumwamini.

Lakini imani haikufika jioni. Sasa anaona kila kitu! Vumbi juu ya kabati, soksi zangu, muda ninaorudi. Adui nimemnoa kwa mikono yangu. Na mchana huu Kamera alipompungia mkono, Mama akampungia! Kisha Kamera akainua kikombe, naye Mama akainua chake. Alama ile! Wawili hawa wanapanga kitu, na mwalimu wa hesabu ndiye anayewapigia mahesabu.

Nina mpango. Kesho nakihamishia kibao kwenye dirisha la mbele, kimtazame Kamera. Mkaguzi atakwenda kwake kula biskuti na kumwomba amsomee herufi. Mstari atakaokomea, ndipo nitajua anaona mpaka wapi ndani mwetu. Mkaguzi ameapa hatamwambia mtu. Ameshamwambia bibi yake.

Koti lako liko msumarini. Mama amelishusha mara moja tu, akashona kile kifungo kilichokuwa kinaning'inia, akalirudisha. Uzi ameutunga mwenyewe kwenye sindano, kwa mara moja.

Mimi nipo, na nyumba ipo. Unikumbuke.