Kukatika Kumezidi

Jumatatu, 3 Machi

Kitana kimejaa tena. Nimekisafisha, nikachana upya, kikajaa upya. Basi! Sichani tena.

Nimesoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa ya mifupa. Daktari aliniandikia dawa hiyo baada ya picha kuonyesha kuwa mifupa yangu imekonda, ingawa mwenye mifupa hajakonda hata kidogo. Herufi kama sisimizi. Kiungulia, kichefuchefu, na chini kabisa, kwa aibu: nywele kukatika, kwa watu wachache. Nimeshonea watu nguo maisha yangu yote na sijawahi kuwa miongoni mwa wachache katika jambo lolote la maana. Leo nimechaguliwa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ziko kwenye kitana.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda duka la dawa kuuliza kwa siri. Nikamnong'oneza mfamasia. Mfamasia hasikii vizuri! Akanijibu kwa sauti ya kunadi mnada kwamba nywele zangu huenda zinakatika kwa dawa, huenda si dawa, yaweza kuwa damu, tezi, au mawazo, na kwamba nisiache kumeza kabla sijamwona daktari.

Na nani alikuwa nyuma yangu kwenye foleni? Jirani wa ghorofa ya juu. Mimi namwita Manywele. Ana umri kama wangu na msuko mnene kama kamba ya kuvutia gari. Akanigusa bega, akasema nipande kwake jioni tunywe chai. Nimekataa. Chai ya huruma haishuki kooni.

Nimekata shauri: kidonge changu cha kila Jumapili sikimezi tena. Mifupa nani anaiona?

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua wigi. Linawasha. Nimelivisha sanamu la kupimia nguo ili lijinyooshe. Mchana nimetoka jikoni nikamkuta mtu kasimama sebuleni, nikafurahi, nikamkaribisha. Kumbe ni lile sanamu.

Nimekaa kitako nikacheka. Kisha sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwandikia binti yangu, kitindamimba. Anaishi mji mwingine, ana kazi, ana watoto, hajafika hapa tangu mvua za mwaka juzi. Hupiga simu huku anakaanga kitu, tunasikilizana kwa zamu mimi na kikaango. Neno "nywele" lilinishinda. Mwanamke wa umri wangu kulilia nywele! Nikaandika tu: Dawa ya mifupa imenishinda. Kukatika kumezidi.

Jibu likaja kabla sijaweka simu mezani. Mama usisimame. Umekatika wapi? Nakuja kesho.

Loo! Kadhani ni mifupa.

Nilipaswa kumsahihisha. Kidole kilikuwa tayari. Lakini lile neno, nakuja. Nimelisoma mpaka kioo cha simu kikazimika. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi sifichi maradhi, nayabadilisha jina tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi ya kuchechemea tangu asubuhi. Nimekata kipande cha kitambaa cha bitana nikafunga mguu wa kulia. Kazi safi, hata daktari angenipa pole. Kilemba kichwani.

Kafika jioni, begi begani, macho mekundu. Kwanza akaliamkia shikamoo sanamu lenye wigi. Lilivyonyamaza, akanong'ona kuuliza mgeni huyu mbona ana kiburi. Kisha akanikumbatia polepole, kama mtu anayebeba trei ya mayai. Kanikataza jikoni. Kapika, kaosha, kanipangia mito.

Sasa nasikia mtu mwingine akikohoa ndani ya nyumba. Raha iliyoje!

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Asubuhi nimefunga bitana mguu wa kushoto. Binti akautazama ule mguu, akautazama na mwenzake, akaendelea kunimiminia chai. Mimi ndiye niliyemzaa, lakini macho ni ya marehemu baba yake.

Mara hodi. Manywele! Kaleta chupa ya mafuta, na kabla hajaketi akauliza nywele zinaendeleaje, zimepunguza kukatika?

Binti akarudia lile neno taratibu. Kukatika. Akanivua kilemba. Manywele akakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni kwake, akapanda ngazi mbio.

Nilingoja kelele. Binti kacheka mpaka akashika ukuta, halafu akalia, halafu akanikalisha chini kati ya magoti yake kama nilivyokuwa nikimkalisha yeye, akaanza kunipaka yale mafuta kwa vidole. Hakuna aliyenigusa kichwa tangu baba yake alipofariki. Nimelia mimi pia. Nilikuwa nimesahau kwamba kichwa kina upweke wake.

Akasema, "Mama, ningekuja hata kwa nywele. Niambie tu umenikumbuka, nitapanda basi."

Nimeahidi.

Jumapili, 9 Machi

Kasimamia kidonge mwenyewe. Tumbo tupu, glasi nzima ya maji, kisha nusu saa bila kulala wala kuinama. Tulisimama wote wawili dirishani tukiwasengenya wapita njia. Nusu saa haijawahi kuwa fupi hivyo.

Kapanda basi la mchana. Nimerudi nikakuta vikombe viwili kwenye sinki. Sijaviosha.

Jumatano, 12 Machi

Daktari kanitoa damu jana. Kasema tusubiri majibu ndipo tujue mkosaji ni nani, na niendelee kumeza. Sawa.

Manywele kapita kunialika chai tena. Nimemwambia nina shughuli. Shughuli yenyewe ilikuwa kukaa.

Jioni nimechukua simu. Niliahidi, na mimi ni mtu wa ahadi. Nimeandika: Nimekukumbuka. Nikalitazama neno hilo. Limekaa pale peke yake, halina hata sababu! Mama mzima amwandikie mwanawe hivyo, atadhani nimerukwa na akili.

Nimelifuta. Nimeandika: Jino la mbele linacheza.

Nimetuma. Sasa nalisukuma kwa ulimi. Limekaza kama msumari, lakini kabla hajapanda basi Ijumaa huenda likakubali.