Vita Vikuu vya Nati Namba Kumi na Tatu

Tulieni, enyi wenye masikio! Anayetafuna ameze, anayetaka kupiga chafya amalize, na yule aliyesimama mlangoni ama aingie ama atoke, maana habari hii haisimuliwi kwa mtu aliye nusu ndani nusu nje. Nawaletea kisa cha asubuhi moja ya Jumamosi, ambapo mwana wa watu, akiwa na mikono miwili na usingizi wa siku tisa kichwani, alishuka katika giza lililo chini ya benchi la boti, akapambana na adui mdogo kuliko punje ya hindi, na akamzungusha robo mzunguko. Waliokuwapo waliona. Ninyi msiokuwapo, sogeeni karibu yangu.

Shujaa wetu aliitwa Vidole. Jina lake la kwenye cheti halina kazi hapa. Aliitwa Vidole kwa kuwa tangu ujana wake hakupata kuomba kifungulio cha chupa, wala koleo, wala spana. Kila kilichofungwa alikifungua kwa vidole, na kila kilichofunguka alikifunga kwa vidole hivyo hivyo. Ndiye Bwana wa Boti ya Futi Ishirini na Tatu, Mtawala wa Injini ya Nguvu za Farasi Arobaini ining'iniayo nyuma, Mvushaji wa Manesi, Walimu na Magunia ya Vitunguu, na kwa siku tisa zilizopita, Baba. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyommaliza. Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji na hakuruhusiwa kuinua hata ndoo. Mtoto alilia kwa zamu zisizo na ratiba. Na Vidole, aliyepika uji mara nne na kuuunguza mara tano (mara ya tano aliunguza sufuria tupu), alikuwa amefikia hatua ya kumwamkia mbuzi shikamoo. Nasema kweli. Mbuzi hakuitika.

Lakini msaada ulikuwa njiani! Mama mkwe, Malkia wa Asali, Mwenye Mwavuli Mweusi, alikuwa amekubali kuvuka maji na kukaa mwezi mzima na bintiye. Mama huyu alikuwa ameuza asali kwa miaka thelathini, na ninyi mnajua jinsi asali inavyogandisha kifuniko. Hakuna kifuniko kilichowahi kumshinda. Majirani walimletea mikebe iliyoshinda vijana wenye vifua, naye aliifungua huku akiendelea na mazungumzo mengine. Kwa ufupi, alikuwa na vidole vya kumzidi Vidole, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiana.

Tatizo ni kwamba mama mkwe alikuwa ameshapanda boti ya mkwewe mara mbili, na mara zote mbili injini ilizima katikati ya maji. Mara ya pili alikaa juani saa mbili, mpaka akaokolewa na mtumbwi wa vitunguu. Siku hiyo alisema, bila kupandisha sauti, kwamba ya tatu itakuwa ya mwisho.

Mtaniuliza, adui alikuwa nani? Chini ya benchi la abiria palikaa betri, na ubavuni mwake tangi la petroli, vikigusana mabega. Juu ya betri, pale waya mkubwa mwekundu unapofungwa, ilikaa nati yenye masikio mawili, ile inayokazwa kwa vidole. Vidole aliipenda nati hiyo. Aliamini iliundwa kwa ajili yake. Kumbe kila injini ilipotetemeka, nati nayo ilirudi nyuma kidogo, unywele kwa unywele. Na kiungo kikishalegea, umeme haupiti kwa adabu, unaruka. Ukiruka unatoa cheche, na waya unapata joto. Ngozi nyekundu ya waya ule ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa, na shujaa wetu alidhani ni uchafu.

Fundi wa injini, mwanamke mpole mwenye karakana ndani ya kontena kuukuu pale gatini, alikuwa amemwonya mara nne. "Toa hiyo nati ya masikio. Weka ya pembe sita, kaza kwa spana." Na mara nne Vidole alinyoosha mkono wake hewani, akaupanua, akanena: "Spana yangu ni hii."

Ikafika Jumamosi. Mama mkwe alishuka gatini na mabegi mawili, ndoo ya asali na mwavuli. Vidole alikuwa amefua mito ya kukalia, amefuta injini kwa kitambaa, na ametundika maua ya plastiki usukanini. Alimpokea kwa kuinama mpaka shati likachomoka.

"Shikamoo mama! Karibu katika chombo hiki kilichosafishwa kwa heshima yako, ewe mzazi wa mke wangu na bibi wa mwanangu! Leo maji yenyewe yametulia kukungoja."

"Marahaba. Itawaka?"

"Mama, itanguruma!"

"Sijauliza kama itanguruma. Nimeuliza kama itawaka."

Akaketi. Nesi akaketi, na mwenye vitunguu akaketi juu ya vitunguu vyake. Vidole akabonyeza kitufe. Tik. Akabonyeza tena. Tik. Mama mkwe akatazama mbinguni. Basi shujaa akaingiza mkono chini ya benchi, akaishika nati masikio, akaipa msokoto wake maarufu, na injini ikawaka kwa kishindo! Akageuka kutazama kama ameonekana. Alikuwa ameonekana.

Ufahari ule ulidumu mita arobaini. Kwanza ikaja harufu ya mpira unaoungua. Kisha moshi mwembamba ukachungulia chini ya benchi, palepale mama mkwe alipokalia, ukapanda taratibu ukipita katikati ya miguu yake.

"Baba mtoto," alisema, "mimi naiva."

Abiria walisimama wote kwa pamoja, boti ikayumba, mwenye vitunguu akakumbatia gunia lake badala ya mtu. Hapa nitamsifu Vidole kwa haki, kwa kuwa hofu ilimshika kweli, akakumbuka tangi la petroli na siku tisa za maisha ya mwanawe. Lakini mkono wake ulikwenda penye swichi kuu ya betri na kuizima. Injini ikanyamaza. Moshi ukakata. Wakarudi gatini kwa kasia moja, nesi akipiga upande wa kushoto na mama mkwe akipiga upande wa kulia kwa kifuniko cha ndoo ya asali.

Alipokanyaga nchi kavu, mama mkwe alitoa simu, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Mwanangu, mimi narudi kwangu. Ulikubali kuolewa na mtu asiye na spana."

Ikaja sauti ya mke, iliyochoka kuliko sauti zote zilizopata kusikika gatini: "Mpe simu." Na Vidole alipoipokea, aliambiwa hivi: "Mama akirudi, kesho na mimi nachukua mtoto namfuata. Siwezi peke yangu, na wewe unaunguza maji. Na nitapanda boti ya mtu mwingine." Nyuma yake mtoto alilia, kama shahidi aliyeitwa kuthibitisha.

Oh, siku ya aibu! Vidole alisimama akitazama mikono yake. Alimpenda mke yule na alimpenda mtoto yule, na kwa mara ya kwanza vidole vyake kumi havikumwambia lolote. Basi akaanza safari ndefu ya hatua kumi na nane hadi kwenye kontena la fundi, na kila hatua alimeza kiburi kimoja.

"Ewe Mjuzi wa Vyuma," alinena mlangoni, "nimekuja nimeshindwa. Mara nne ulinena, mara nne nilikupungia mkono. Nipe silaha, nikapigane."

"Umezima swichi kuu?"

"Nimezima."

"Haya. Mambo mengine utaniambia baadaye." Akafungua droo, akatoa nati ya pembe sita yenye mkanda wa plastiki ndani wa kuizuia isirudi nyuma, kipande cha waya mpya chenye vichwa vyake, kofia ya mpira, msasa, na spana namba kumi na tatu. "Sikufungii mimi. Mkono wako ndio ulioizoesha kulegea, mkono wako ndio utaikaza. Inua benchi kwanza, mvuke wa petroli utoke. Lisogeze lile tangi mbali, lifunge kwa mkanda. Kisha toa waya mweusi kwanza, mwekundu baadaye. Ukirudisha, mwekundu kwanza, mweusi mwisho. Rudia."

Vidole alirudia. Alirudia tena njiani, kwa sauti, watu wakampisha.

Akainua benchi, akahamisha tangi. Akasubiri upepo upite. Akatoa waya mweusi, akatoa mwekundu, na ile nati ya masikio ilipomtoka mkononi alishtuka kuona upande mmoja umeungua mweusi kabisa. Akapiga msasa mpaka kutu ya kijani ikaisha na chuma kikang'aa. Akaweka waya mpya. Akachukua nati ya pembe sita kwa vidole vile vyenye sifa, na vidole vile vyenye sifa vikaiangusha.

Tang! Ikagonga mbao, ikaruka, ikazama tumboni mwa boti kwenye maji machafu yenye mafuta.

Sasa nawaomba msicheke. Ili kuifikia nati, shujaa ilimbidi alale kifudifudi, aingize kichwa na mabega chini ya mbao, na sehemu nyingine ya mwili, ile ambayo mkwe hamwonyeshi mkwewe hata kwa bahati mbaya, ibaki imeinuliwa juu kuelekea gatini. Ndivyo ilivyokuwa kwa dakika saba. Mama mkwe alifungua mwavuli wake mweusi akauweka kati yake na tukio hilo.

"Mmeona nini?" iliuliza sauti kutoka chini.

"Hatuoni kitu," alijibu mama mkwe nyuma ya mwavuli. "Endelea."

Alipapasa. Akakamata ganda la kitunguu. Akakamata kijiko ambacho mkewe alikitafuta tangu mwaka jana. Na hatimaye, kwenye kona ya mwisho kabisa, akaikamata nati! Akaibuka uso mweusi kwa grisi, akaivalisha kwenye boliti, akaiwekea spana namba kumi na tatu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mwepesi. Wa pili ulilalamika. Wa tatu ulimtoa jasho, na ilipofika robo ya mwisho alikaza meno, akakaza tumbo, akakaza hata vidole vya miguu ndani ya viatu, na nati ikatoa mlio mdogo, kik, ikakaa. Akaivika kofia ya mpira, akarudisha waya mweusi, akautikisa kila upande. Haukucheza.

"Mama," alisema, "tayari."

Mama mkwe alifunga mwavuli. Akapanda botini bila kuulizwa. Akavua ile kofia ya mpira, akapandisha mkono wa gauni, na mbele ya nesi, mwenye vitunguu na fundi aliyekuwa amekuja kutazama, akaishika nati kwa vidole vilivyofungua mikebe ya miaka thelathini. Akasokota. Mishipa ya shingo ikasimama. Akaachia, akajifuta vidole kwa upindo wa kanga, akashika upya, akasokota huku amefumba jicho moja. Gati zima halikupumua.

Akavitazama vidole vyake kwa muda. Kisha akasema: "Imekaza."

Imekaza! Wafalme wamesifiwa kwa maneno mengi zaidi na hawakupata hata robo ya furaha aliyoipata Vidole kwa neno lile moja. Machozi yalimlenga, na kwa kuwa uso ulikuwa na grisi, yalionekana vizuri. Alipotaka kumkabidhi fundi ile spana, fundi akaurudisha mkono wake. "Kaa nayo," akasema. "Zawadi ya mtoto. Na uikague kila mwezi."

Mama mkwe akairudisha kofia mahali pake, akaketi palepale pa mwanzo, akaweka ndoo ya asali magotini. "Washa."

Hapakuwa na tik. Injini iliwaka kwa mguso mmoja, ikavuka maji yote bila kukohoa, na mita ya arobaini ilipopita hakuna aliyeitambua ila Vidole, aliyeipigia saluti.

Nyumbani, mke alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani, macho yamemvimba. Mama mkwe alitua ndoo, akampokea mjukuu, akamnusa kichwani, na ndipo akamgeukia bintiye.

"Mume wako ana spana," akasema.

Basi na iandikwe, na isomwe na wanaoandika mambo makubwa kuliko haya, kwamba siku hiyo nati ilikazwa, boti haikuungua, na nyumba haikuvunjika. Vidole aliketi kitini avue viatu, akavua kimoja, usingizi ukamkuta na cha pili mguuni na spana namba kumi na tatu mkononi. Mtoto alilia mara tatu mchana ule, na mara zote tatu hakuna aliyemwamsha.