Vitabu Kumi na Kimoja vya Perl

Jumatatu, 4 Machi
Bosi katangaza! Daftari la oda za magodoro limelowa chai tena. Anataka tovuti ipokee oda na kuziweka kwenye hifadhidata, kwa lugha ya programu iitwayo Perl, maana ndiyo aliyotuachia fundi wa zamani. Atakayefanikiwa kufikia Ijumaa atakuwa mkuu wa kompyuta. Ofisi yenye mlango! Na feni! Nimenyoosha mkono kabla hajamaliza. Karani wa stoo naye kanyoosha. Yule dada anayefuta kompyuta kwa soksi! Perl siijui, lakini mwenye kitabu sahihi hashindwi.

Jumanne, 5 Machi
Nimeazima vitabu vyote vya Perl maktabani. Kumi na kimoja! Mkutubi kauliza kama nina darasa. Nikamwambia nina adui. Karani sasa asome nini, ukuta? Mke wangu kauliza nitaanza na kipi. Swali la kitoto. Mtu huchagua kwanza.

Jumatano, 6 Machi
Kazi ipo. Kimoja kinafundisha tovuti, hifadhidata hakigusi. Kingine hifadhidata tupu. Cha tatu kina vyote, ila mwandishi pichani anacheka. Simwamini. Nimevipeleka kwenye mizani ya sponji: chekundu kilo mbili na nusu. Hiyo ndiyo elimu! Karani kasema anasoma maelezo yanayokuja na Perl yenyewe, yamo humohumo kwenye kompyuta, bure. Nimecheka mpaka nikapaliwa. Maskini dada wa watu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechora jedwali la alama: uzito, herufi, heshima ya jalada. Viwili vimetoka sare. Mke wangu kapiga simu kunisihi nifungue chochote, kesho ndiyo kesho. Nikamwomba asinivuruge. Nimeviweka chini ya godoro la maonyesho, nikalala juu ili mgongo uamue. Bosi kanikuta nakoroma. Nimemweleza kuwa ni utafiti.

Ijumaa, 8 Machi
Oda ya kwanza kupitia tovuti ya karani imeingia kwenye hifadhidata saa nne na dakika mbili. Makofi! Nami nikaonyesha jedwali langu, rangi nne. Bosi kauliza linapokelea wapi oda. Nimeumia, sifichi. Mlango kapewa yeye. Feni pia.

Jumamosi, 9 Machi
Mkuu mpya kaniita. Kasema kwa upole, kaka, njoo saa ya chakula nikufundishe, tutaanza na mstari mmoja tu. Roho imelainika. Nikamshukuru, nikamwambia nitamjibu nikishalinganisha walimu. Mpaka sasa nimeorodhesha tisa. Yeye nimempunguzia alama: yuko karibu mno.