Chai Niliyoikataa Baada ya Kutoa Damu

Jamani, leo nimeaibika. Nawaeleza mwenyewe kabla hamjayasikia kwenye bomba la maji, maana huko yameshafika na chumvi imeshaongezwa.

Mnajua mama mkwe amelazwa, anapasuliwa kesho. Daktari alitaka ndugu watoe damu. Ndugu wote wakapata safari za ghafla: mmoja shamba la ujamaa huko Ziba, mwingine tumbo. (Tumbo nalo ni safari.) Wengine walisema wazi kwamba wanaogopa mumiani. Nikabaki mimi, balozi wa nyumba kumi hapa Cheyo, ambaye mama huyo ananiita "yule mwembamba" tangu nilipoposa.

Wakanipima. Damu zetu zikapatana! Ndicho kitu cha kwanza kupatana kati yetu.

Sasa sikieni ujinga wangu. Jana jioni niliitisha nyumba kumi zangu ili niwahimize nao wajitolee. Mama mmoja akauliza, "Ni kweli ukitoa damu unapewa chai ya sukari?" Sukari ilivyo adimu siku hizi, watu wote wakachangamka. Nikawaka! Nikasema atakayekwenda kwa ajili ya chai ni kupe, hana tofauti na wanyonyaji. Nilipigiwa makofi, na niliyapenda sana.

Asubuhi nikaenda na mke wangu, Tatu. Majirani nao wakafuata, kushuhudia. Muuguzi mwenye sindano alikuwa Kibwana, Mzaramo, mtani wangu. (Hospitali nzima, nimpate yeye!)

"Umekula, Mnyamwezi?"

"Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo."

"Nimekuuliza wewe. Babu yako alikuwa anakula."

Sikuwa nimekula. Roho ilikuwa juu tangu alfajiri, uji haukupita. Sindano ikaingia, nikaikodolea macho dari kishujaa, chupa ikajaa. Kibwana akaleta chai. Jamani, ile chai! Inanukia tangawizi, sukari ya kutosha kijiji. Mlangoni majirani wamenyoosha shingo.

"Kunywa, halafu ulale kidogo."

"Siwezi. Mimi ni kiongozi."

"Baba Asha, kunywa tu," Tatu akasema.

"Wape wagonjwa!"

Kibwana hakubishana. Akainywa yeye, taratibu, akinitazama.

Ningekwenda zangu nyumbani, yangeisha. Lakini nilitaka mama mkwe ajue. Na kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe: unasimama nyuma ya mlango, unasalimia, unaondoka. Nikaenda wodi ya akina mama, nikauegemea mlango kwa heshima zote, nikakohoa, nikamwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mayu! Ni mimi mkweo. Damu nimeshatoa. Wala sikusikia..."

Sikumaliza. Mlango haukuwa umefungwa.

Nilipofumbua macho nilikuwa ndani ya wodi, chali sakafuni, kando ya kitanda cha kwanza. Kitanda cha nani? Msiniulize. Mama mkwe, yule mgonjwa, yule ambaye sijawahi kumtazama usoni, ameinama kutoka kitandani ananinywesha chai yake kwa kijiko.

"Meza, baba," akasema.

Nikameza. (Tamu!) Nikafungua mdomo tena. Majirani wote mlangoni wananihesabia vijiko.

"Kumbe kupe naye huzimia," jirani mmoja akasema.

Kibwana akaja mbio na machela. Mama mkwe akamshika mkono.

"Mwanangu, ile chupa iko wapi? Mrudishieni huyu damu yake. Anaihitaji kuliko mimi."

Wodi ikaangua kicheko. Wagonjwa wakacheka, Tatu akacheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe mwenyewe alicheka ameshika tumbo lake linalouma. Jamani, niliona haya mpaka masikio yakachemka. Lakini wiki nzima tumekuwa tukimsikia akilia tu, na nilipomsikia anacheka nilifurahi.

Daktari anasema chupa inamtosha kwa kuanzia, na kesho asubuhi anaingia chumba cha upasuaji.

Basi chekeni, lakini mmalize leo leo. Kesho damu hiyo itakuwa ya mama mkwe, na yeye hachekwi.