Hatua Sitini za Muuzaji

Jumatano, 3 Septemba 2014

Baraza la ardhi la kata limepokea kesi yangu. Jumatatu wanakuja hapa Sigino kupima. Fabiani kwisha kazi! Anadai njia ya ng'ombe wangu iko ndani ya kiwanja nilichomuuzia mwaka ule mkoa bado mpya. Bila njia ile ng'ombe hawafiki majini. Jiwe la mpaka lilishasombwa na mvua. Mama Aminiel amenisomea karatasi ya mauziano (macho yangu mazima, mwandiko ndio mbaya). Hatua sitini za muuzaji, kuanzia kwenye mkonge. Muuzaji ni mimi. Miguu ni yangu. Nikipiga hatua fupi, kiwanja kinaishia kabla ya njia. Akili hii sikufundishwa na mtu.

Ijumaa, 5 Septemba

Mazoezi nyuma ya zizi. Hatua za mgonjwa, na fimbo. Safi kabisa. Mama Aminiel kauliza kama nimechomwa na mwiba. Nimemwambia mambo ya sheria hayamhusu.

Jumatatu, 8 Septemba

Wamekuja wajumbe watano. Nilianza vizuri. Fimbo, kikohozi kidogo. Hatua ya saba katibu wao Anastasia, binti wa juzi tu, akanionea huruma. "Pole, babu. Umechoka, tumpe mwingine akupimie."

Babu! Mimi niliyetoka Katesh hadi Babati kwa mguu, ndama begani! Nikatupa fimbo. Nikatembea kama mwanajeshi. Nikavuka njia, nikavuka zizi, hatua ya sitini ikanifikisha mlangoni pa jiko letu.

Mama Aminiel akatoka na mwiko. "Baba Aminiel, na jiko uliliuza?"

Wajumbe wakaandika. Fabiani akaniokotea fimbo.

"Jiko la mama silitaki, mzee. Njia tupite wote, ng'ombe wako na mkokoteni wangu."

Ikaandikwa hivyo. Tukatia dole gumba.

Alhamisi, 11 Septemba

Ng'ombe wamekunywa maji. Fabiani aliogopa hatua zangu, ndiyo maana akalegea. Sasa nimefukua karatasi ya shamba la Singe, nililonunua kwa Dominick. Hatua mia za mnunuzi. Mnunuzi ni mimi! Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya hatua ndefu. Nyonga imekaza, natembea kama kuku aliyefungwa kamba. Si kitu. Kesi nimeshafungua. Wanapima Jumatatu.