Fahali wa Kamati ya Ulimi Mmoja

Wenye masikio na wasikie: kuanzia Jumatatu ya uzinduzi, Waangami wote wa milimani wangesema Kitenyidie kimoja tu, kilichopigwa pasi na Kamati ya Ulimi Mmoja. Kila kijiji kilikuwa na lahaja yake, na watu walikuwa wakielewana bila kibali. Fujo hiyo ilitosha. Atakayeponyokwa na neno la kijijini hadharani atatozwa nguruwe mzima. Kiongozi atatozwa wawili, maana kiongozi ni kioo.

Kifungu cha nguruwe alikitunga Mwenyekiti Khriezo mwenyewe. Siku hiyo ya uzinduzi Waziri angekula nyama ya mithun wa Khriezo, fahali wa jamii ya ng'ombe wa msituni, kisha amtangaze Khriezo kuwa Mkurugenzi wa Lugha. Khriezo alikuwa ameshashona na koti.

Sasa, mithun hafungwi zizini. Huzurura msituni, na mwenyewe humwita kwa chumvi na kwa mwito aliouzoea tangu akiwa ndama. Siku ilipofika, Khriezo akasimama ukingoni mwa msitu, chumvi mkononi, Waziri na wageni wengine nyuma yake.

"Ewe mnyama, unaombwa kuwasili bila kuchelewa!" akaita kwa Kitenyidie sanifu cha Kamati.

Msitu kimya. Sufuria zilichemka maji matupu.

"Labda hajapata waraka," alisema Waziri. "Njaa inauma, Mwenyekiti."

Khriezo akamwinamia mama yake, Vilazonuo, aliyekuwa akitafuna tambuu. Ndiye aliyemlea yule fahali.

"Mama, hebu mwite wewe."

"Kwa lugha ipi? Nguruwe ninaye mmoja tu, mwanangu. Sheria yako, koo lako."

Waziri akatazama saa. Khriezo aliuona ukurugenzi ukiota mbawa. Akafumba macho, akauachia mwito wa kijijini: "Huuu, njoo baba, njoo ulambe!"

Matawi yakavunjika. Fahali akatoka mbio, akaimaliza chumvi, kisha akaenda kutafuta nyingine mfukoni mwa Waziri.

Mheshimiwa akaruka juu ya meza kuu. "Mama wee, nakufa! Mwondoeni shetani huyu!" akapiga yowe, kwa lahaja safi ya kijijini kwao.

Watu wakatazamana.

"Mwenyekiti wawili," akasema Mama Vilazonuo, "na Mheshimiwa wawili. Si mlisema kiongozi ni kioo?"

Jioni kijiji kizima kilikula nguruwe kwa machipukizi ya mianzi, na fahali akarudi zake msituni. Mkurugenzi hakutangazwa. Khriezo alikula amenuna, akaomba aongezewe, tena kwa lahaja. Si alikuwa ameshalipa?