Gramu za Mwanangu

Jumatatu, 6 Machi
Kliniki. Balaa! Mwanangu alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili. Leo, siku ya sita, ana mbili na mia tisa. Muuguzi kasema nimrudishe Alhamisi. Asipoongezeka, tutamwona daktari na huenda akaanzishiwa maziwa ya kopo. Na mbele yangu kwenye foleni nani? Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyejifungua siku mbili kabla yangu. Gauni lote limelowa maziwa. Maringo hayo!
Lakini mimi ni mpanga ratiba wa stendi. Mabasi arobaini yananitii, sembuse mtoto mmoja? Atanyonya kila baada ya saa nne, maziwa yapate muda wa kujaa. Karatasi nimeshaibandika ukutani.

Jumanne, 7 Machi
Ratiba imevurugika. Abiria wangu mdogo anapiga kelele saa mbili kabla ya muda. Matiti yamekuwa magumu kama mawe, chuchu zimechanika, mtoto akishika anateleza. Mama mkwe akasema mtoto hajui kusoma saa. Nikamjibu, kwa heshima, kwamba huu ni utaalamu. Akaniletea supu, akasimama hapo hadi nikaimaliza.
Kamwacha bintiye wa kumzaa, kaja kunihudumia mimi. Hapa kuna jambo. Nadhani anasubiri nishindwe.
Nimelia bafuni. Nilifungua bomba asinisikie.

Jumatano, 8 Machi
Nimepata dawa ya mizani! Sweta mbili, kofia, soksi za sufu, nepi tatu juu ya nepi. Tumefanya mazoezi ya kumvika. Mume wangu akauliza kama tunahama. Wanaume hawaelewi mikakati.

Alhamisi, 9 Machi
Muuguzi akamvua nguo moja baada ya nyingine. Foleni nzima inatazama. Nepi ya nne ilipotoka, mtu akaguna. Akabaki mwanangu, mdogo, mwekundu, anatetemeka. Mbili na mia nane hamsini.
Hapo sikujificha. Nililia kwa sauti. Nilikuwa namlaza njaa mtoto wangu kwa ratiba!
Muuguzi hakunigombeza. Akavuta pazia, akaniambia nimwonyeshe ninavyonyonyesha. Kumbe nampa ncha ya chuchu tu. Akamgeuza tumbo kwa tumbo na mimi, akasema nisubiri apanue mdomo kabisa, kisha nimlete mtoto kwenye titi, nisimpelekee titi. Na anyonye kila atakapo. Anavyonyonya zaidi ndivyo maziwa yanavyotengenezwa. Mara nikasikia: glu, glu. Anameza! Mama mkwe, aliyenisindikiza, akanifuta machozi kwa mtandio wake. Akaniambia mume wangu alipokuwa mchanga alimliza hivihivi wiki nzima, na yeye hakuwa na wa kumkalia karibu. Ndiyo maana amekuja.
Nimeona aibu. Nampenda mama huyu.

Jumatatu, 13 Machi
Kilo tatu na gramu hamsini! Uchi wa mnyama! Nimemkumbatia muuguzi, nimemkumbatia mlinzi wa getini.
Muuguzi kanisihi: kila mtoto hukua kwa mwendo wake, nisimlinganishe na wa mtu. Nimekubali kwa mikono miwili. Halafu nikauliza, basi tu, mtoto wa wifi ana kilo ngapi. Akasema hiyo ni siri ya mama mwenyewe.
Sawa kabisa. Kesho naenda kumjulia hali wifi. Mizani ya jikoni imeingia vizuri kwenye mkoba wa nepi.